Mteja wa Kumi na Nne

Mkalimani alifumba macho yote mawili, kisha akayafumbua. La kulia lilifunguka mara moja. La kushoto lilijivuta, likaishia nusu ya njia, likakataa kuendelea.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Mimi natafsiri taarifa ya habari kwa viziwi, mzee wangu. Kwetu sisi nyusi na macho ndivyo vinavyouliza maswali. Juzi nimemuuliza jirani yangu kiziwi kama wanawe wamepona mafua, akadhani namkonyeza. Na mkewe alikuwa pale pale."

Mkaguzi wa Baraza la Leseni alijiuma mdomo asicheke. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye upara na paji la uso lenye mikunjo mitatu mirefu, na ofisini kwake wote walimwita Kobe. Walidhani hajui. Alijua tangu mwaka wa kwanza, na hakuwahi kuona sababu ya kuwaharakishia habari hiyo.

Walikuwa kwenye chumba cha kupodolea cha kituo cha televisheni, mbele ya kioo kilichozungushiwa balbu. Kobe alichagua kuonana naye hapo kwa sababu ya balbu hizo. Alitoa lenzi yake mfukoni, akaomba radhi, akainama.

Siku kumi na mbili zilizopita mwanamke huyu alikwenda kliniki ya ngozi kufanyiwa mambo mawili kwa safari moja: kumulikwa uso kwa mashine ya mwanga ili madoa ya jua yafifie, na kuchomwa sindano za kulegeza mikunjo katikati ya nyusi. Siku ya tano kope likashuka. Daktari mwenye kliniki aliandika barua kwa Baraza akisema muuguzi wake alichoma vibaya, na akaomba anyang'anywe leseni. Baraza lingekaa leo saa nane mchana. Saa hiyo ilikuwa tatu na robo.

"Hizi nukta ni za nini?" Kobe aliuliza.

Katikati ya nyusi palikuwa na vigaga vitano vidogo, vya mviringo, rangi ya chai ya rangi. Viwili kila upande na kimoja chini katikati.

"Za sindano. Daktari ndivyo alivyoniambia."

Kabla ya kuwa mkaguzi Kobe alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amechoma watu wengi kuliko nyuki. Tundu la sindano nyembamba namna ile hulioni kesho yake. Halikai siku kumi na mbili, wala halitoi kigaga kikubwa kama punje ya dengu. Hivi vigaga vilikuwa vya kuungua.

Alivuta kiti, akakaa.

"Siku ile, ulilazwa kitandani na kufunikwa macho mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Zote chumba cha mwanga?"

"Zote. Mara ya kwanza yule mama wa mashine alinipaka jeli ya baridi, akanifunika macho, nikasikia kitu kimelia tak! Akasonya, akanifuta, akaniambia nikakae kwenye benchi. Nikajua kipande cha kwanza kimekwisha. Muuguzi akaniita, akaniuliza kama nimeshatoka chumba cha mwanga. Nikamwambia ndiyo, si nilikuwa nimetoka? Akanichoma. Nikarudi benchini, yule mama akaniita tena."

"Mara ya kwanza ulihisi nini usoni?"

"Baridi tu."

"Na mara ya pili?"

"Heh! Mara ya pili ilikuwa kama mtu anavuta raba na kuiachia. Pa! Pa! Pa! Uso mzima. Na alipofuta jeli alisugua kweli kweli."

Kobe aliandika *pa pa pa* kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake. Alimwambia aendelee na matone ya macho aliyopewa hospitalini, na kwamba dawa ile ikiisha nguvu kope litapanda, ingawa ni suala la majuma, si siku. Mkalimani alisema kila mtu anamwambia hivyo na yeye ameshachoka kusubiri uso wake mwenyewe.

*

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Mapokezini palikuwa na meza ya kioo, benchi refu la wateja, na kitabu cha wageni. Kila asiye mteja alitakiwa kujiandikisha: jina, shughuli, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kobe alijiandikisha kwa mwandiko wake wa taratibu, na kwa kuwa msichana wa mapokezi alikuwa anaongea na simu, alirudisha kurasa nyuma mpaka siku ile.

Mgeni alikuwa mmoja tu. *Fundi umeme. Swichi ya mashine ya mwanga. Kuingia saa nne na dakika kumi. Kutoka saa tano na dakika ishirini.*

Alifunga kitabu, akasubiri simu iishe.

Muuguzi alikuwa kwenye chumba chake cha sindano, amevaa sare iliyopigwa pasi kana kwamba hajasimamishwa kazi. Alikuwa ameitwa aje kujibu maswali. Hakuzidi miaka ishirini na sita. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akabaki amesimama mikono nyuma.

"Kaa, mwanangu. Tuanze na friji."

Alikuwa ameanza na friji kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa wazi kuliko zote: dawa ikipata joto, au ikichanganywa maji kinyume na maagizo, ni jambo la kuuliza. Akasoma kipimajoto, akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Joto lilikuwa limeandikwa asubuhi na jioni bila kuruka siku hata moja. Friji haikuzimika siku ile; ilikuwa na laini yake, na kilichoruka ni swichi ya mashine ya mwanga peke yake. Chupa ile ile ilikuwa imetumika kwa wateja wengine watatu, na wote macho yao yalikuwa mahali pake. Kobe akaifuta friji kwenye daftari.

"Nionyeshe fomu."

Muuguzi alitoa nakala. Ilikuwa na namba badala ya jina, desturi ya kliniki ya kuwafichia wateja siri zao. Sehemu ya juu ilikuwa ya chumba cha mwanga: *Umefanyika, saa nne kamili*, na saini yenye mkia mrefu. Sehemu ya chini ilikuwa ya sindano: *saa nne na dakika thelathini na saba*, nukta tano, vipimo vyake, saini ndogo iliyonyooka.

"Uliikuta wapi hii?"

Muuguzi alionyesha ukutani. Kati ya chumba chake na chumba cha mwanga palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vitu, na ndani yake trei. "Shangazi wa chumba cha mwanga akimaliza upande wake anaiweka pale. Niliikuta imesainiwa. Nikamwita mteja, nikamuuliza, akasema ameshatoka huko. Ndipo nikachoma."

"Alama za kuchomea ulizichora kwa kitu gani?"

Kwa mara ya kwanza aliona haya. "Kwa wanja. Penseli nyeupe ilikuwa imekwisha. Najua wanja na mwanga havipatani, rangi nyeusi inavuta moto. Lakini mwanga ulikuwa umeshapita, kwa hiyo niliona haina neno. Sikuzifuta kwa nguvu, maana hapo pakishachomwa hapasuguliwi, dawa isije ikahama. Nilimwambia aoshe uso polepole jioni."

Kobe alikuwa amekuja na mashaka manne, na msichana huyu alikuwa amemwondolea la pili bila kujua. Mtu anayejua kwamba mteja bado hajamulikwa hachori wanja usoni pake. Ni sawa na kumvika mtu shati jeusi kisha kumpeleka juani.

"Umemwambia daktari haya?"

"Nimemwambia niliikuta imesainiwa. Shangazi amesema si kweli. Mzee, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Na siwezi kumwita Shangazi mwongo. Yeye ndiye aliyenifundisha."

*

Shangazi alikuwa shangazi wa daktari, dada yake baba, lakini jina lilikuwa limeenea kliniki nzima mpaka wauza vitambaa wa chini walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mnene, mtanashati, wa miaka sitini na kitu, na chumba chake kilikuwa kisafi kuliko hospitali. Kitanda, mashine yenye kichwa cha kushikia mkononi, taulo nyeupe zilizokunjwa. Ukutani, kwa mwandiko mkubwa wenye mikia mirefu: *Mwanga kwanza, sindano baadaye. Sindano ikitangulia, mwanga usubiri wiki mbili.*

"Umeandika wewe, mama?"

"Nani mwingine? Hawa watoto usipowaandikia ukutani, wanasahau kula."

Daktari aliingia nyuma yao, mwanamume mrefu mwenye viatu visivyo na sauti, akaegemea mlango. "Nadhani mambo ni wazi, Mkaguzi. Swichi iliruka, mteja akasubiri benchini, muuguzi akaruka foleni akamchoma. Shangazi alipokuja kummulika hakujua. Basi."

"Fomu inasema alimulikwa saa nne kamili," Kobe alisema. "Na fundi aliingia saa nne na dakika kumi, akatoka saa tano na ushee. Fundi huitwa kitu kikishaharibika."

Daktari alimtazama shangazi yake.

"Saa nilikisia," Shangazi alisema bila kutetereka. "Nilisaini baadaye, nilipomaliza, na saa nikaandika ya kwenye ratiba. Hilo kosa langu, nalikubali. Lakini binti alipochukua fomu, ilikuwa haina saini. Mimi kila fomu naisaini mteja akishainuka kitandani. Miaka kumi na moja sasa."

Hapo ndipo kesi yote ilipokuwa imesimama, na Kobe alilijua hilo. Kama fomu ilikuwa tupu muuguzi alipochoma, leseni ilikuwa imekwenda. Kama ilikuwa imesainiwa, alikuwa amefanya kila alichofundishwa. Neno la mmoja lilipingana na la mwingine, na mmoja wao alikuwa na miaka kumi na moja na heshima ya ukoo.

"Ulipommulika hukuona nukta za wanja kwenye paji la uso?"

"Sikuziona."

"Ni tano. Ziko katikati kabisa."

Shangazi alichukua kutoka kwenye mashine miwani ya kukinga macho, mizito, ya kijani iliyokoza, akamkabidhi. "Ivae."

Kobe aliivaa. Chumba kikawa ndani ya chupa. Alitazama maandishi ya ukutani, akaona mistari lakini hakuona herufi.

"Na mimi bila miwani ya kusomea sioni hata kucha zangu," Shangazi alisema. "Siwezi kuvaa zote mbili. Sasa niambie ningeuona wanja kwa macho yapi."

Hilo lilikuwa kweli. Kobe aliamini, na akamhurumia kidogo. Aliivua miwani, akairudisha mahali pake, akachukua taulo moja nyeupe kutoka kwenye rundo, akaikunjua.

"Kwa hiyo ulimfuta jeli na hii, ukiwa bado umevaa ya kijani?"

"Naivua kwanza. Mashine ikishazimwa naivua."

"Na ukavaa ya kusomea."

"Ndiyo."

"Wanja mweusi kwenye taulo nyeupe," Kobe alisema. "Huo nao hukuuona?"

Mkono wa Shangazi ulikwenda kwenye rundo la taulo, ukazinyoosha, ingawa zilikuwa zimenyooka tayari. Daktari aliacha kuegemea mlango.

"Sikumbuki," Shangazi alisema hatimaye.

Kobe aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu limemtosha. Alirudi kwenye daftari lake, akapekua. "Kitu kingine kidogo, kisha nawaachia. Nimeangalia fomu za mwezi mzima mlizotuletea Barazani. Za muuguzi zina saa nne na dakika thelathini na saba, saa sita na dakika tatu, saa saba kasoro dakika nane. Zako, mama, zote ni saa kamili au na nusu. Ngozi za watu zinakwisha kwa saa kamili?"

"Mimi sina muda wa kuhesabu dakika. Nikimaliza naandika iliyo karibu."

"Mteja akishainuka kitandani."

"Nimeshasema."

"Sawa. Naomba fomu za leo."

"Za leo?" daktari alisema. "Hazihusiani na—"

"Daktari, mimi ni mzee wa kupenda karatasi. Nivumilie."

Fomu zilikuwa kwenye droo chini ya dirisha dogo, upande wa Shangazi, na Shangazi hakusogea kuifungua. Daktari ndiye aliyeifungua. Akatoa fomu tatu zilizobaki, akampa. Kobe aliziweka juu ya kitanda, moja moja, akiziweka sawa kwa kidole.

Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne.

Ya kumi na nne ilisema: *Umefanyika, saa sita kamili.* Saini ilikuwa na mkia mrefu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika thelathini na moja.

"Huyu wa kumi na nne," Kobe aliuliza kwa upole, "ngozi yake imeendeleaje?"

Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji alichotumwa, na muuguzi alikuwa nyuma yake, kwa maana sauti zilikuwa zimepita kwenye dirisha dogo kama kawaida.

"Alipiga simu juzi," msichana alisema kwa sauti ndogo. "Ni baba mmoja. Nilimuuliza ana tatizo gani, akasema mikunjo ya paji la uso. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu aanze kazi."

Kobe alipangusa upara wake kwa leso.

"Mke wangu aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini," alisema. "Mteja wa kumi na nne ni mimi, mama. Sijavua hata koti. Na hapa panasema umeshanimaliza."

Daktari alichukua fomu, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba maelezo yangekuwa huko. "Shangazi," alisema. "Shangazi, kila siku?"

Shangazi alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alionekana mzee ghafla, na Kobe hakufurahia hata kidogo kumwona hivyo.

"Mashine inachukua dakika ishirini kupata moto asubuhi," alisema. "Nakaa bure. Miwani ya kusomea naivaa wakati huo, basi nasaini zote, nikianza kazi nisihangaike kuvaa na kuvua. Nikimaliza mtu naitupa yake kwenye trei. Miaka yote haijawahi kuharibika. Siku ile swichi iliporuka nilitoka mbio kumpigia fundi. Nilikuwa nimeshaishika fomu mkononi. Nikaiweka pale dirishani, mradi niwe na mkono wa kushika simu."

"Na taulo?"

"Niliuona wanja. Nikajua ameshachomwa, na mimi nimemsugua hapo hapo." Alitazama mikono yake. "Nikaifua mwenyewe."

Kobe aliandika, polepole, kila neno. "Sitaapa mbele ya Baraza kwamba kusugua kwako ndiko kulikoshusha lile kope," alisema. "Dawa ile inaweza kuhama hata kwa mkono mzuri. Vile vigaga vitano, hivyo naweza kuapia. Na naweza kuapa kwamba binti alichoma baada ya kusoma saini yako."

"Kusoma," Shangazi alisema. Aligeuka mlangoni. Muuguzi alikuwa bado amesimama, mikono nyuma. "Ni mimi niliyemfundisha. Siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia usimwamini mteja, mteja hajui alichofanyiwa, soma fomu kwanza ndipo ushike sindano. Akasoma. Alifanya kama nilivyomwambia, na mimi nikamwacha aondoke na lawama zangu siku kumi na mbili."

Muuguzi alilia bila kutoa sauti. Hakuingia ndani.

Kobe alichomoa karatasi tupu kutoka kwenye mkoba, akaiweka mezani na kalamu juu yake. "Baraza linakaa saa nane. Nikiwa na maelezo yako, mama, sitahitaji kusema mengi. Jina, saa, kisha hayo uliyosema."

Shangazi alishika kalamu, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, akapapasa kifuani na mezani. Muuguzi alifuta uso kwa kiganja, akavuka chumba, akafungua droo ya juu ya mashine bila kutafuta, akatoa miwani ya kusomea.

"Hii hapa, Shangazi."

Shangazi aliivaa. Aliandika jina lake, mkia na yote. Kwenye nafasi ya saa kalamu ilisimama, kisha akainua kichwa, akaitazama saa ya ukutani kwa makini, na akaandika: *saa tano na dakika arobaini na tatu.*